Embe Juu ya Makaa: Somo la Kemia Linalooza Chini ya Miti

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapoilainisha ardhi ya Unyamwezi katika mwezi wa Novemba, mji wa Tabora hupata neema ambayo hakuna aliyeilipia. Miembe mikongwe iliyopangana kandokando ya njia na kuzunguka nyumba huanza kudondosha matunda yake. Hapo mwanzo watoto huyagombania. Wiki chache baadaye hakuna anayeinama kuyaokota. Sokoni maembe huuzwa kwa bei ndogo mno, na yale yasiyopata mnunuzi huoza chini ya miti yakawa malisho ya nzi.

Katika mji huohuo, na pengine chini ya kivuli cha mwembe huohuo, mwalimu wa kemia huwaambia wanafunzi wake kwamba jaribio la siku hiyo halitafanyika kwa sababu shule haina vifaa. Wanafunzi huandika maelezo ya jaribio ambalo hawakuliona, huyakariri, kisha huyajibu katika mtihani. Maoni ya makala haya ni kwamba hasara hizi mbili, ya chakula na ya elimu, zina asili moja: mazoea ya kukitazama kitu kilicho karibu nasi kana kwamba hakina thamani. Nami napendekeza mahali padogo pa kuanzia kuzitibu zote mbili: kipande cha embe lililoiva, wavu wa waya, na makaa yaliyobaki baada ya ugali kuiva.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuchoma hakutayamaliza maembe ya Tabora. Kazi hiyo yahitaji viwanda, barabara na masoko. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho chaweza kuanza msimu ujao bila kusubiri bajeti ya mtu yeyote. Nadai kwamba embe la kuchoma ni kitindamlo bora, yaani chakula kitamu cha kumalizia mlo, na kwamba mwanafunzi anayelichoma kwa vipimo atakuwa ameielewa sayansi ya joto na ya sukari kuliko yule aliyeikariri.

Tunda la kokwa katika njia ya misafara

Wataalamu wa mimea huliweka embe katika kundi la matunda ya kokwa, yaani matunda yenye ngozi nje, nyama katikati, na ndani kabisa kokwa ngumu inayohifadhi mbegu. Katika kundi hilo wamo pia pichi na plamu zinazostawi Lushoto na Njombe, zeituni ya nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania, mbula ya msitu wetu wa miombo, na hata nazi ya pwani. Embe ni ndugu wa korosho kwa ukoo, ndiyo maana utomvu wa ngozi yake huweza kuwawasha watu wengine midomoni.

Embe si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani upande wa mashariki, nalo lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa majahazi karne nyingi zilizopita. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika juu ya tunda hilo. Alieleza kwamba lina kokwa, kwamba likiiva ni tamu sana, na kwamba likiwa bichi ni kali kama limau na wenyeji hulitia katika siki. Maelezo hayo mafupi yanataja kokwa, utamu, ukali na hifadhi ya chakula. Mwanafunzi wa leo atafanya vyema akiweza kuandika ripoti yenye uangalifu kama huo.

Kutoka pwani embe lilipanda bara kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya binadamu waliotiwa utumwani, na hatuna haki ya kulisahau jambo hilo tunapokaa vivulini. Husimuliwa mara nyingi kwamba miembe ya njia ile iliota kutokana na kokwa zilizotupwa ovyo na watu waliokuwa wakipita.

Hapa mwanafunzi wa biolojia hana budi kuuliza swali. Mbegu ya embe haivumilii kukauka. Ikikaushwa hufa katika muda wa wiki chache tu. Burton na Speke walipoifuata njia hiyo mwaka 1857 walitumia zaidi ya siku 130 kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora, na Stanley mwaka 1871 alitumia karibu miezi mitatu. Tena watumwa wengi walikuwa wakielekea pwani, hawakuwa wakitoka huko. Kokwa iliyoliwa Bagamoyo na kutiwa mfukoni isingeweza kuota Tabora isipokuwa imetunzwa katika unyevu. Kwa hiyo yaelekea zaidi kwamba embe lilisafiri kituo kwa kituo: mtu alipanda, akazuia mbuzi, akamwagilia, akangoja miaka kadhaa hadi mti uzae, ndipo kokwa zake zikaendelea hadi kituo cha mbele. Miembe ile basi ni kazi ya wakulima, si takataka za wapita njia.

Nimelieleza jambo hili kwa sababu maalumu. Watu hudhani kwamba embe lina namna moja tu ya kuliwa, nayo ni kumenya na kula bichi, na kwamba namna nyingine yoyote ni ugeni. Lakini tunda lenyewe lilikuwa mgeni, likakaribishwa na kulelewa. Mahindi, mihogo na viazi vitamu vilitoka Amerika, navyo leo twavichoma bila kuuliza pasipoti zao. Ndizi twachoma, na shelisheli huchomwa pwani. Huko India embe bichi huchomwa motoni hadi likalainika, kisha nyama yake hutengenezwa kinywaji cha kuburudisha wakati wa joto kali. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, pichi zinapoiva mwezi wa Julai na Agosti, watu huzipasua, huondoa kokwa, huziweka juu ya makaa na kuzila kwa asali au malai. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliyaona mapishi hayo yakipewa heshima kubwa mezani, wala sikuona ndani yake jambo lolote ambalo mpishi wa Tabora hawezi kulifanya kwa embe lake, tena kwa asali iliyo bora.

Moto hulifanya nini embe

Katika kila gramu 100 za nyama ya embe lililoiva, takriban gramu 83 ni maji na gramu 14 ni sukari. Sehemu kubwa ya sukari hiyo ni sukrosi, ileile tuipatayo katika miwa. Iliyobaki ni fruktosi na glukosi. Embe likiwa changa hali ni nyingine. Nyama yake imejaa wanga na asidi. Ndiyo maana ni gumu na kali. Kadiri linavyoiva, vimeng'enya huuvunja wanga ukawa sukari, asidi hupungua, na pektini inayoshikamanisha seli hulegea. Kuiva ni upishi wa kwanza, ambao mti huufanya bila moto.

Embe linapowekwa juu ya makaa, joto hulifikia kwa njia tatu ambazo kila kitabu cha fizikia huzitaja. Hupita katika waya wa wavu na kuingia pale waya unapogusa nyama. Ndiyo sababu ya mistari myeusi. Huja na hewa ya moto inayopanda kutoka chini. Na zaidi ya yote, humiminika kama mnururisho kutoka kwenye makaa mekundu, kama vile joto la jua linavyotufikia bila kubebwa na hewa. Mwanafunzi akiweka mkono wake kando ya jiko, mahali ambapo hewa ya moto haipandi, atauhisi mnururisho huo peke yake.

Jambo la pili hufanyika kwa maji. Tabora ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kanizo la hewa huko ni dogo kuliko Dar es Salaam, na kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96 za sentigredi badala ya 100. Maana yake ni kwamba nyama ya embe, kwa muda wote ingali na majimaji, haiwezi kupita kiwango hicho hata makaa yawe makali namna gani. Joto linaloongezwa hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Ni uso tu, ule uliokwisha kukauka, unaoweza kupanda juu zaidi. Hapo ndipo siri ya uchomaji ilipo: ndani laini na penye maji, nje pakavu na penye rangi.

Rangi hiyo ya kahawia hutokana na matendo mawili ya kemia. La kwanza ni kuungua kwa sukari yenyewe, ambako huzaa karameli. Fruktosi huanza kubadilika karibu na nyuzi 110, na sukrosi na glukosi karibu na nyuzi 160. La pili huitwa tendo la Maillard, kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyelieleza mwaka 1912. Katika tendo hilo sukari huungana na asidi-amino za protini, na ndilo linaloupa mkate ganda lake na nyama ya mishikaki harufu yake. Embe lina protini chini ya gramu 1 katika gramu 100, tena lina asidi, hivyo tendo la Maillard ni dogo kwake. Sehemu kubwa ya rangi ni ya karameli. Asidi na joto huweza pia kuivunja sukrosi ikawa glukosi na fruktosi, ingawa katika dakika chache za jikoni ni kiasi kidogo tu kinachovunjika.

Kwa nini basi embe la kuchoma huonekana tamu kuliko bichi? Sababu kubwa ni hesabu rahisi. Tuchukue gramu 200 za nyama zenye gramu 28 za sukari. Sukari ni asilimia 14. Tuseme moto umeondoa gramu 30 za maji. Sasa gramu 28 zilezile zimo katika gramu 170, nayo ni karibu asilimia 16.5. Hakuna sukari iliyoongezwa, maji ndiyo yaliyoondoka. Mama wa Kinyamwezi anayeanika michembe na matobolwa ya viazi vitamu anaijua kanuni hii kwa mikono yake: ukiondoa maji, chakula hudumu, na utamu wake hukolea. Kazi ya shule ni kuipa kanuni hiyo tarakimu.

Namna ya kulichoma kwa vipimo

Chagua maembe yaliyoiva lakini yaliyo magumu kidogo yanapobonyezwa kwa kidole. Lililoiva mno litapondeka na kudondokea makaani, kwa kuwa pektini yake imekwisha kulegea. Lililo changa litabaki kali. Yaoshe vizuri kuondoa utomvu. Kokwa ya embe ni bapa. Simamisha tunda na kulikata kwa kisu kikali kila upande wa kokwa, upate vipande viwili vipana vyenye ngozi yake. Usivimenye, kwani ngozi ndiyo sufuria yake.

Pima uzito wa kila kipande na kuuandika. Ngoja makaa yaache kutoa ndimi za moto na yafunikwe na jivu jepesi la kijivu. Mkono uliowekwa juu ya wavu kwa kimo cha shubiri moja uweze kuvumilia sekunde 4 au 5, si zaidi. Pangusa wavu kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Laza vipande upande wa nyama ukiwa chini kwa dakika 3 au 4 bila kuvisogeza, kisha vigeuze vikae juu ya ngozi zake kwa dakika 2 au 3 zaidi. Asali ipakwe mwishoni kabisa. Asali ina fruktosi nyingi, takriban gramu 38 katika kila gramu 100, nayo huungua mapema. Atakayeipaka mwanzoni atapata uchungu mweusi.

Ondoa, pima tena uzito, na uandike. Kisha kamulia ndimu, nyunyiza chembe chache za chumvi, na juu yake weka karanga zilizokaangwa na kupondwa. Hicho ndicho kitindamlo chenyewe. Asali ni ya misitu ya Tabora, karanga ni za mashamba yake, na embe ni la barabara yake.

Darasa lenye muda lifanye zaidi. Lichukue embe changa, lililoiva na lililoiva mno, na kudondoshea kila kimoja tone la iodini, ile ya kutibia vidonda. Pale penye wanga patageuka kuwa bluu nyeusi, na wanafunzi wataona kwa macho kwamba wanga umetoweka kadiri tunda linavyoiva. Vipande vilivyotiwa iodini visiliwe kamwe, bali vifukiwe. Lichemshe maji katika sufuria na kusoma kipima joto, lilinganishe na nyuzi 100 zilizoandikwa kitabuni, na kueleza tofauti. Lichore jedwali lenye uzito wa kabla, uzito wa baada, na asilimia iliyopotea, kisha kila kundi lijadili kwa nini tarakimu zake hazilingani na za jirani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni mali.

Kuna onyo ambalo mwalimu asilipuuze. Kazi hii ifanyike nje, mahali penye hewa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Hili lenyewe ni somo la kemia ambalo lingeokoa maisha majumbani.

Hoja za wenye shaka

Najua kwamba pendekezo hili litapingwa, na hoja za wapinzani zastahili kujibiwa kwa heshima.

Wapo watakaosema kwamba moto huharibu vitamini. Ni kweli kwa vitamini C, ambayo huharibika kwa joto na hewa. Embe bichi lina takriban miligramu 30 hadi 40 katika gramu 100, na kiasi hutofautiana kwa aina. Lakini karotini, ile rangi ya manjano ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huvumilia moto kwa kiasi kikubwa, nayo hufyonzwa na mwili vizuri zaidi inapoliwa pamoja na mafuta. Karanga zilizopondwa juu ya embe basi si pambo tu, zina kazi ya lishe. Anayejali vitamini C ale nusu ya embe bichi na nusu ya kuchoma.

Wapo watakaouliza kama ni busara kuchoma matunda katika mkoa ambao misitu yake ya miombo imekatwa kwa ajili ya mkaa, kwa kuni za kukaushia tumbaku, na kwa mashamba. Hoja hii ni nzito kuliko zote, na jibu lake ni hesabu. Kuyapasha moto gramu 200 za embe na kuyageuza gramu 30 za maji kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 110. Gramu moja ya mkaa hutoa karibu kilojuli 29. Kwa hiyo kama joto lote lingetumika, gramu 4 za mkaa zingetosha. Lakini majiko yetu hupoteza sehemu kubwa ya joto. Tukikadiria kwamba moja ya tano tu ndiyo hulifikia embe, tutahitaji gramu 20. Si nyingi, lakini kuwasha jiko jipya kwa ajili ya embe peke yake ni kupoteza mara nyingi zaidi ya hizo, na nyuma ya kila kilo ya mkaa wa tanuri la udongo kuna kilo tano au zaidi za mti. Ndiyo maana nimesisitiza makaa yaliyobaki. Kila jioni, baada ya ugali kuepuliwa, katika majiko mengi ya Tabora hubaki makaa mekundu yanayokufa bila kazi. Hayo ndiyo yanayofaa. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mwenyewe ameanza kuuelewa msitu kuliko yule aliyehubiriwa tu kwamba kukata miti ni vibaya.

Wapo pia watakaosema kwamba mtihani hauulizi habari za maembe. Kweli, hauulizi. Lakini huuliza juu ya njia tatu za kusafiri kwa joto, juu ya kiwango cha kuchemka na kanizo la hewa, juu ya wanga na iodini, juu ya joto linalohitajika kuyageuza maji kuwa mvuke, na juu ya asilimia. Yote hayo yamo juu ya wavu mmoja. Tangu mwaka 2005 mitaala yetu ya sekondari imetaka mwanafunzi apimwe kwa umahiri, yaani kwa lile awezalo kulifanya. Umahiri haupatikani kwa kunakili ubao.

Na wapo wachache watakaocheka, wakisema kwamba jiko ni mahali pa wanawake na sayansi ni mahali pa wasomi. Kwao nina jibu fupi. Dhana hiyo imewaibia watoto wetu wa kike heshima ya maarifa waliyonayo, na imewaibia watoto wa kiume maarifa yenyewe. Msichana wa kidato cha pili ambaye tangu utotoni ameutambua moto uliotulia kwa kuutazama jivu lake anajua juu ya mnururisho mambo ambayo mwenzake wa kiume hajawahi kuyagusa. Mwalimu akianzia hapo, yule msichana ndiye atakayekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Lugha ya jikoni na lugha ya darasani

Katika shule zetu za sekondari masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Sitauingilia mjadala huo mpana hapa, ila nataka kutaja jambo moja nililoliona kwa miaka mingi ya kufundisha chuo kikuu. Wanafunzi wengi hufika kwetu wakiwa na maneno mawili yasiyokutana. Wanalo neno la Kiingereza la kitabuni, ambalo huliandika bila kosa, na wanalo neno la Kiswahili au la Kinyamwezi la nyumbani, ambalo hulitumia jikoni. Hawajui kwamba ni kitu kimoja. Anayesema kwamba uso wa embe umekauka, umeungua, umeshika rangi, umetoa harufu ya asali, ameeleza kwa usahihi hatua nne za tendo la kemia. Hajaambiwa tu kwamba hiyo ndiyo kemia. Jaribio la embe huyakutanisha maneno hayo mawili, kwa sababu kitu chenyewe kipo mbele yao, chavuja maji, chanuka, na wanaweza kukionja.

Tabora ina sababu ya pekee ya kuongoza katika jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya mji huo, na baada ya Makerere alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's mjini humo, biolojia ikiwa miongoni mwa masomo yake, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alionya dhidi ya elimu inayomtenga kijana na maisha na kazi za jamii yake. Onyo hilo mara nyingi lilifasiriwa kuwa ni amri ya kuwapa wanafunzi majembe. Jembe lilikuwa sehemu yake tu. Sehemu nyingine, ambayo hatukuitimiza vya kutosha, ni kumfanya mwanafunzi aone kwamba kazi za nyumbani kwao zina kanuni zinazoweza kupimwa na kuboreshwa.

Hoja hii ina haraka yake. Maembe huiva wakati ambapo ghala za nafaka katika nyumba nyingi za mkoa huu zimepungua, kwani mvua ndiyo kwanza imeanza na mavuno mapya yako mbali. Neema hufika wakati wa uhaba, nayo huachwa ioze. Tangu mwaka 2003, alipotambuliwa katika Kenya na Tanzania nzi wa matunda mgeni kutoka Asia, hasara imezidi, maana kila embe lililoachwa chini ni kitalu cha nzi wa mwaka ujao. Tena msimu hufikia kilele shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Desemba. Muda wa mwalimu basi ni mfupi: wiki chache za Novemba, kati ya embe la kwanza kuiva na kengele ya kufunga shule.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ombi langu ni dogo na lina tarehe. Mwezi wa Novemba ujao, tenga vipindi viwili vilivyofuatana. Wagawe wanafunzi katika makundi ya watano au sita. Kila kundi lilete maembe matatu ya viwango tofauti vya kuiva, daftari moja na kisu kimoja. Shule itoe jiko moja, wavu, mizani ya kuazima dukani kama hakuna nyingine, na saa. Mwombe mpishi wa shule akuachie makaa yake ya mchana, naye umkaribishe aje kusema anachokijua juu ya moto, kwa maana anajua mengi. Kila kundi liandike lilichokiona kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza cha mtihani. Maembe yaliyopimwa na yasiyotiwa iodini yaliwe. Kokwa zilizobaki zipandwe siku hiyohiyo zikiwa na unyevu wake, kwa sababu kama tulivyoona, kokwa ya embe haisubiri.

Nawe ndugu mwanafunzi, kama mwalimu wako hana nafasi, likizo itakukuta nyumbani kwenye jiko na makaa. Chukua daftari. Pima, choma, pima tena, uandike. Wagawie wadogo zako na wazazi wako, na uwaeleze kwa nini uso wa embe umekuwa wa kahawia ilhali ndani umebaki wa manjano. Ukiweza kumweleza bibi yako jambo hilo kwa maneno anayoyaelewa, naye akalikubali au akakurekebisha, utakuwa umelielewa vya kutosha kulijibu mbele ya mtahini yeyote.